Pointi Tatu za Paul Roos: Ulinzi, Ushambuliaji na Bahati katika Kandanda ya Australia

Ukijumlisha pointi za fainali kuu mbili zilizochezwa Melbourne mwaka 2005 na 2006 kati ya Sydney Swans ya kocha Paul Roos na West Coast Eagles, utapata 142 kwa Sydney na 139 kwa West Coast. Ya kwanza iliisha 58 kwa 54, na Sydney wakabeba kombe ambalo klabu yao haikuwa imeligusa tangu 1933, enzi hizo ikiitwa South Melbourne. Ya pili iliisha 85 kwa 84, kombe likavuka bara zima hadi Perth. Katika mchezo ambao goli moja lina pointi 6, timu hizo zilipambana kwa robo nane nzima na mwisho wa yote zikatenganishwa na nusu ya goli. Nimeanza na hesabu hii kwa sababu mabishano kuhusu makocha wa ulinzi na makocha wa ushambuliaji katika kandanda ya Australia yamekuwa yakiendeshwa kama suala la ladha, kana kwamba mmoja anapenda chumvi na mwingine anapenda sukari. Mimi naona ni suala la hesabu, na hesabu hiyo haimpendelei kocha anayezuia tu, hasa kama timu yake ni nzuri.

Msomaji aliyelelewa na soka anapaswa kwanza kuweka kando picha aliyonayo kichwani. Fainali kuu huanza saa nane na nusu mchana kwa saa za Melbourne, ambayo kwetu ni saa moja na nusu asubuhi, na kila nikiwa na mgeni mezani wakati wa chai swali la kwanza huwa ni lilelile: kipa yuko wapi? Kipa hayupo. Uwanja ni wa duara refu, na ule wa Melbourne Cricket Ground una urefu wa takribani mita 160. Kila upande una wachezaji 18 ndani, na hakuna sheria ya kuotea, kwa hiyo mchezaji anaweza kusimama popote apendapo. Mpira una umbo la yai, unapigwa teke au unapigwa kwa ngumi kumpa mwenzako, na anayeudaka kabla haujagusa ardhi, baada ya teke la mita 15 au zaidi, hupewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa. Kila mwisho wa uwanja una nguzo nne. Mpira ukipita kati ya mbili za katikati ni goli. Ukipita kati ya nguzo ya katikati na ile ya pembeni ni pointi moja tu, ambayo nitaiita pointi ya pembeni.

Hapo kwenye pointi ya pembeni ndipo penye siri ambayo mgeni huipita bila kuiona. Baada ya goli, mpira hurudishwa katikati na kugombaniwa upya. Baada ya pointi ya pembeni, mpira hupewa timu iliyofungwa, na mmoja wa walinzi wake huupiga kutoka mbele ya lango lake. Maana yake ni kwamba mlinzi anayemlazimisha mshambuliaji apige kutoka kwenye kona mbaya hajaokoa pointi 5 tu. Amerudishiwa na mpira. Ulinzi katika mchezo huu una malipo ya papo hapo, na kocha yeyote mwenye akili lazima ajiulize malipo hayo atayatumiaje. Katika soka tumezoea kusema timu imepaki basi, na basi likishapakiwa hakuna anayetarajia liondoke. Huku Australia basi hupewa ufunguo na mafuta kila baada ya dakika chache. Walioshindwa, kwa maoni yangu, ni wale waliopokea ufunguo wakabaki wamekaa.

Tuanze na ulinzi katika sura yake ya wazi kabisa. Msimu wa 2000 Essendon ya Kevin Sheedy ilikuwa imeshinda mechi 20 mfululizo bila kupoteza hata moja. Katika raundi ya 21 ilikutana na Western Bulldogs ya kocha Terry Wallace, aliyejua vizuri kwamba akicheza waziwazi atabugizwa kama walivyobugizwa wengine. Wallace akawarudisha wachezaji wake nyuma kwa wingi usiokuwa wa kawaida, akajaza eneo lote ambalo washambuliaji wa Essendon walizoea kulikimbilia, mbinu ambayo wenyeji waliipa jina la mafuriko. Bulldogs wakashinda kwa pointi 11. Ilikuwa mechi pekee ambayo Essendon walipoteza mwaka huo. Walishinda nyingine zote 24, ikiwamo fainali kuu waliyoichukua kwa tofauti ya pointi 60 mbele ya klabu ya Melbourne.

Wengi wanaikumbuka mechi hiyo kama ushahidi kwamba ulinzi unaweza kuliangusha jitu, na ni kweli. Lakini ni vema kutazama jitu liliangushwa na nani. Wallace alikuwa na timu iliyo dhaifu kuliko ya mpinzani wake, na alichofanya ni kupunguza idadi ya nafasi za kufunga katika mechi nzima, za kwake na za Essendon. Ukirusha sarafu mara mia moja, iliyopinda kidogo upande mmoja itaonekana. Ukiirusha mara kumi, lolote linaweza kutokea. Timu bora ni ile sarafu iliyopinda. Inahitaji mirusho mingi ili ubora wake uonekane. Timu dhaifu inahitaji mirusho michache. Kwa Wallace siku ile, kupunguza magoli ilikuwa hekima tupu. Swali langu ni kwa nini makocha wenye timu bora kuliko zote nchini waliiga silaha iliyoundwa kwa ajili ya mnyonge.

Paul Roos anastahili kujibiwa kwa heshima hapa, maana alichofanya Sydney hakikuwa kuiga kwa upofu. Timu yake ilijengwa juu ya kukaba kwa karibu, kuung'ang'ania mpira katika msongamano mpaka mwamuzi ausimamishe, na kumnyima mpinzani ile mbio ndefu ya kutoka nyuma hadi mbele. Haikuwa timu ya kupendeza macho. Katikati ya msimu wa 2005 mtendaji mkuu wa ligi, Andrew Demetriou, alisema hadharani kwamba mchezo wa Sydney ni mbaya na kwamba hautawapa ushindi mwingi, kauli ambayo mtu wa cheo chake hakupaswa kuitoa, na ambayo ilimrudia Septemba ileile. Picha ya fainali hiyo kila mpenzi wa mchezo huu anayo: sekunde za mwisho, Sydney wako mbele kwa pointi 4, West Coast wanaupiga mpira mrefu kuelekea langoni, kundi la wachezaji linaruka, na Leo Barry, mlinzi wa Sydney, anaingia kutoka ubavuni akiwa hewani, anaunyaka juu ya vichwa vya wote, anaanguka nao, na king'ora kinalia.

Ni daka zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona. Lakini jaribu kuufikiria mpango mzima wa msimu ukining'inia kwenye vidole vya mtu mmoja. Kama Barry angechelewa kidogo tu na mpira ukaangukia mguuni mwa mshambuliaji, leo tungekuwa tunaandika kwamba Demetriou alikuwa sahihi na kwamba Roos alikuwa kocha wa karibu-karibu. Mwaka uliofuata timu zilezile zilirudi, na safari hiyo pointi moja ikaenda upande wa pili. Sioni namna ya kueleza kwamba mbinu ilikuwa sahihi 2005 na ikawa na kasoro 2006. Mbinu ilikuwa ileile. Ilizileta timu hadi kwenye dakika za lala salama zikiwa sawa, kisha ikawaachia wengine waamue: upepo, mdundo wa mpira wenye umbo la yai, uchovu wa mtu mmoja.

Sitaki mtu afikiri kwamba dawa yake ni kufungua milango yote. Geelong ya Malcolm Blight ilijaribu, na hakuna timu niliyoifurahia zaidi kwenye kanda za zamani. Mei 1992 iliifunga Brisbane Bears pointi 239, magoli 37 katika mechi moja, rekodi ambayo bado haijavunjwa. Katika fainali kuu ya 1989 Gary Ablett, baba yake na yule wa kizazi kilichofuata, alipachika magoli 9 peke yake, na Geelong bado wakashindwa na Hawthorn 144 kwa 138. Mtu anaweza kusema tofauti ya pointi 6 nayo ni bahati. Lakini Hawthorn walikuwa mbele kwa pointi 40 mwisho wa robo ya kwanza, na timu inayoruhusu pengo la namna hiyo katika siku kubwa kuliko zote haijaonewa na bahati. Imeonewa na mlango wake wenyewe. Miaka mitatu baadaye wakapoteza fainali nyingine kwa pointi 28, na 1994 wakapata kichapo cha pointi 80. Mara zote mbili walioshinda walikuwa West Coast, na kocha wa West Coast alikuwa Mick Malthouse, mtu ambaye aliaminika kuliko wote kwa kujenga ngome. Blight mwenyewe alikuja kubeba makombe mawili akiwa na Adelaide, 1997 na 1998, lakini Geelong hawakuambulia kitu mpaka 2007.

Kwa hiyo tumebaki na nini? Blight alipoteza kwa sababu mpinzani alifunga mno. Roos alinusurika na kisha akapoteza kwa sababu hakuna aliyefunga vya kutosha. Anayetaka kupanga makocha hawa kwenye mstari mmoja, ulinzi kushoto na ushambuliaji kulia, atajikuta anatafuta mahali pa katikati, kijiko kimoja cha hiki na kimoja cha kile. Nadhani mstari wenyewe ndio wenye kasoro. La kuuliza ni mahali gani uwanjani kocha anataka kuupokonya mpira, na baada ya kuupokonya zimebaki mita ngapi hadi kwenye nguzo.

Malthouse yuleyule ndiye mfano wa kwanza. Mwaka 2010, akiwa Collingwood, aliichukua ngome yake na kuisogeza mbele. Badala ya kurudi nyuma kulinda lango, wachezaji wake walipanda juu na kutengeneza ukuta katika nusu ya mpinzani, kwa ile mbinu ambayo watangazaji wetu wa soka huita kukabia juu. Timu iliyokuwa ikianza mpira kutoka langoni kwake ilijikuta haina njia ya kutoka. Ikipiga mrefu, mpira unadakwa. Ikipiga mfupi, inabanwa kwenye mstari wa pembeni. Fainali ya mwaka ule dhidi ya St Kilda iliisha sare, 68 kwa 68, ikarudiwa wiki moja baadaye kama sheria ilivyotaka wakati huo, na Collingwood wakashinda marudio kwa pointi 56. Ulinzi ulikuwa mkali uleule wa Malthouse wa West Coast. Kilichobadilika ni umbali.

Mbinu hiyo haikuanguka kutoka mbinguni, na hapa nitapita haraka. Iliwezekana kwa sababu benchi la wachezaji wanne lilikuwa linatumika kama kituo cha mafuta: watu wanatoka, wanapumua dakika mbili, wanarudi kukimbia. Mabadiliko yalikuwa yamepita mia moja kwa timu katika mechi moja. Ligi ilipoona wachezaji wote 36 wamejikusanya kwenye theluthi moja ya uwanja, ikaanza kukaza: mabadiliko 120 kwa mechi kuanzia 2014, 90 kuanzia 2016, 75 kuanzia 2021. Kwa nini ilikaza inajulikana. Miaka mingi ya muongo wa 1980 timu moja ilipata kwa wastani zaidi ya pointi 100 kwa mechi. Kufikia 2018 wastani ulikuwa umeporomoka hadi themanini na ushei.

Kabla ya hapo kulikuwa na Alastair Clarkson na Hawthorn ya 2008, ambayo inanipa raha kuichambua kwa sababu takwimu zake zinadanganya. Geelong walikuwa wamepoteza mechi moja tu katika msimu wa kawaida, na mwaka uliotangulia walikuwa wameshinda fainali kuu kwa pointi 119 dhidi ya Port Adelaide. Ilikuwa sarafu iliyopinda kuliko zote. Matokeo ya fainali yakasomeka hivi: Hawthorn magoli 18 na pointi za pembeni 7, Geelong magoli 11 na pointi za pembeni 23. Anayehesabu nafasi ataona 34 kwa 25 na kusema Geelong waliibiwa na bahati. Lakini kati ya zile 23, pointi 11 zilitiwa nyuma ya mstari na Hawthorn wenyewe, kwa kubanwa au kwa kusudi, ili wapate kuuanza mpira upya wakiwa wamepumua. Ziondoe, na Geelong wanabaki na mashuti halisi 23. Clarkson alikuwa amenunua mpira kwa pointi moja moja, bei rahisi kuliko zote katika mchezo, na kila alipoununua vijana wake waliokuwa wamepangwa kwa kulinda nafasi badala ya mtu kwa mtu walitoka nao kwa kasi. Msimu uliofuata ligi ikalifunga dirisha hilo: anayeupeleka mpira nyuma kwa makusudi, mpinzani anapewa teke huru mbele ya lango.

Niliposema kwamba ulinzi una malipo ya papo hapo, nilikuwa namfikiria Clarkson. Siku ile alilinda zaidi ya mtu yeyote, na alifunga magoli 18. Sina namna ya kumwita kocha wa ulinzi, na sina namna ya kumwita kocha wa ushambuliaji.

Damien Hardwick alikuwa msaidizi wake wakati huo, na alipokuwa kocha mkuu wa Richmond alikuja kulifikisha wazo hilo mbali zaidi. Richmond ya 2016 ilimaliza nafasi ya 13. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa bingwa, baada ya miaka 37 ya kusubiri, na safu yake ya mbele ilionekana kama makosa ya uchapaji: mrefu mmoja, Jack Riewoldt, na kumzunguka vijana wafupi wenye mbio kama Daniel Rioli, Dan Butler na Jason Castagna. Kila kocha aliyekuwa akitafuta magoli alitafuta majitu ya kudaka mipira ya juu. Hardwick aliweka pale watu ambao kazi yao ya kwanza ilikuwa kukaba. Mpira ukitupwa mbele bila mpangilio, Riewoldt anahakikisha haudakwi na mlinzi, unaanguka chini, na wale wafupi wanamvamia yeyote anayeuokota kabla hajanyanyua kichwa. Walioitwa washambuliaji walikuwa walinzi, ila walilinda wakiwa mita 30 kutoka kwenye nguzo za mpinzani, na mpira uliopokonywa pale hauhitaji pasi nyingi kuwa goli.

Fainali ya 2017 iliwakutanisha na Adelaide, timu iliyofunga kuliko zote msimu ule. Adelaide ndio waliokuwa mbele mwisho wa robo ya kwanza. Kisha ukaanza kuona walinzi wao, watu waliozoea kuutoa mpira nyuma kwa pasi safi, wakiupiga ovyo kwa sababu mtu anapumua shingoni mwao, na nyuma kabisa Alex Rance wa Richmond akiisubiri mipira hiyo kama anayengoja embe chini ya mwembe. Iliisha 108 kwa 60. Miaka miwili baadaye, katika fainali nyingine, Richmond waliwaruhusu Greater Western Sydney, klabu ya pili ya jiji la Sydney, magoli 3 tu na wao wakafunga 17. Linganisha na zile pointi 3 za Roos katika fainali mbili. Sisemi Richmond walilinda zaidi ya Sydney. Nasema walilinda mahali pengine.

Kama bado kuna anayedhani haya ni maneno ya mchambuzi aliyekwisha kujua matokeo, namwomba amtazame Simon Goodwin, maana kwake tuna jaribio ambalo ni nadra kulipata: kocha mmoja, klabu moja, mbinu mbili. Alirithi Melbourne kutoka kwa Roos huyohuyo, aliyekuwa ameikuta taabani na kuijengea kwanza uti wa mgongo wa ulinzi. Mwaka 2018 timu ya Goodwin ilikuwa ya kwanza katika ligi kwa kufunga. Ilifika nusu fainali ya mwisho kule Perth, ikakutana na West Coast, na hadi mapumziko haikuwa imepata goli hata moja. Ikalala kwa pointi 66. Mwaka uliofuata ilimaliza ya pili kutoka mkiani. Timu iliyokuwa inategemea mvua ya magoli haikuwa na mwavuli siku isiyonyesha.

Goodwin hakurudi kwenye mafuriko. Alijenga nyuma watu wa kunasa mipira, Steven May na Jake Lever, ambao hawakutakiwa kumganda mshambuliaji bali kumwacha, kusoma teke linalokuja, na kulidaka wao. Huyu ni mlinzi wa aina mpya, na mmoja wa walio bora katika kazi hiyo ni Aliir Aliir wa Port Adelaide, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, na aliyechaguliwa mwaka 2021 katika kikosi cha wachezaji bora wa ligi. Ukimtazama utagundua kwamba mara nyingi hatazami mtu anayemlinda. Anatazama kifundo cha mguu cha anayepiga. Mlinzi wa zamani aliupiga mpira ngumi utoke nje na akapongezwa. Huyu anaudaka, na kwa kuwa ameudaka ana haki ya kuupiga bila kubughudhiwa, kwa hiyo shambulizi la wenzake limeshaanza kabla hajatua chini.

Fainali ya 2021 ilichezwa Perth kwa sababu ya janga la korona. Katika robo ya tatu Melbourne walikuwa nyuma ya Western Bulldogs kwa pointi 19. Kuanzia hapo, kati ya magoli 17 yaliyofungwa hadi mwisho, Melbourne walifunga 16, na kuchukua kombe la kwanza tangu 1964 kwa tofauti ya pointi 74. Kuna sheria iliyochangia hapa na ambayo watazamaji wengi hawaipi uzito wake. Tangu 2019, kila mpira unapoanzishwa katikati, kila timu lazima iwe na watu sita mbele, sita katikati na sita nyuma. Zamani kocha aliyefungwa magoli mawili ya haraka angewarudisha watu watatu nyuma na kuuzima moto. Siku ile, katika dakika za mwisho za robo ya tatu, Melbourne walipokuwa wakifunga, mpira unarudi katikati, wanaupata, wanafunga tena, kocha wa Bulldogs hakuwa na ruhusa ya kujaza eneo lake. Basi halikuwa na pa kupakiwa.

Njia ya tatu ipo, nayo ni ya Brisbane ya Chris Fagan, mabingwa wa 2024 na 2025. Fagan alifanya kazi miaka mingi Hawthorn chini ya Clarkson, na ametoka huko na imani kwamba asiye na mpira hawezi kukufunga. Timu yake hupiga mateke mafupi na ya kati, inadaka, inasubiri, inadaka tena, mpaka upande mmoja wa uwanja ufunguke. Ukiwa shabiki wa mbio utapiga miayo. Lakini fainali hizo mbili walizishinda kwa pointi 60 na 47, kwa hiyo sidhani kama wanajali.

Nimemwacha Ross Lyon kwa makusudi, kwa sababu ndiye ambaye hesabu hii inamgusa kwa uchungu. Alikuwa msaidizi wa Roos pale Sydney katika miaka ya kombe, akaondoka na somo lote la ulinzi, na kulitekeleza kwa ukamilifu kuliko mwalimu wake. St Kilda yake ya 2009 ilishinda mechi 19 za mwanzo mfululizo. Fremantle yake ilifika fainali ya 2013. Katika fainali ya 2009 St Kilda walipata magoli 9 na pointi za pembeni 14, dhidi ya 12 na 8 za Geelong: mashuti 23 kwa 20, na wakashindwa kwa pointi 12. Katika ile ya 2013 Fremantle walipata 8 na 14, dhidi ya 11 na 11 za Hawthorn: mashuti 22 kwa 22, wakashindwa kwa 15. Ile ya sare ya 2010 inakwenda kinyume kidogo, maana siku hiyo Collingwood ndio waliokosa zaidi na St Kilda wakaponea; hata hivyo, katika dakika za mwisho mpira ulidunda mbele ya Stephen Milne, ukamgeuka na kupita kati ya nguzo ya katikati na ile ya pembeni, pointi moja badala ya sita. Kombe pekee la St Kilda hadi leo ni la 1966, lililopatikana kwa tofauti ya pointi moja. Fremantle hawana hata moja.

Wanaomsema Lyon kwamba alikosea mbinu wanapitiliza. Timu yenye mashuti mengi kuliko mpinzani haijashindwa kimbinu. Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa kukubali kwamba timu bora nchini icheze mechi ya mirusho michache, ambamo mateke matano yaliyokwenda kombo yanatosha kuubeba mwaka mzima. Ulinzi wake uliupokonya mpira katika theluthi ya nyuma na ya kati, kisha ukauanzisha mwendo mrefu wa mita mia moja kuelekea mbele, na mwisho wa mwendo huo mpigaji alifika amechoka, pembeni, amebanwa.

Goli lililoiamua ile ya 2009 lilianza hivi. Mvua ilikuwa imenyesha, mpira unateleza kama sabuni, matokeo ni sare, na zimebaki dakika chache. Mpira uko chini katikati ya uwanja, na watu wawili wanaukimbilia. Mmoja ni Matthew Scarlett, mlinzi wa mwisho wa Geelong, ambaye kwa mpango wa kawaida alipaswa kuwa karibu mita 80 nyuma ya hapo. Hakuna muda wa kuinama kuuokota. Scarlett akanyoosha mguu akiwa katika mbio, akausukuma kwa ncha ya kiatu mara moja tu, ukaenda moja kwa moja hadi mikononi mwa Gary Ablett mdogo, ambaye aliupeleka mbele kwa teke refu, nao ukaishia kwa Paul Chapman, mbele ya nguzo.